Shule ya lugha inaweza kumlinda mwanafunzi asivutwe na watu wa itikadi kali, au ni karatasi za mkaguzi tu?

#1 KahawaChungu

Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia shule ndogo ya lugha hapa Dar, madarasa ya jioni. Kijerumani ndicho kinacholipa pango (manesi na mafundi wanaotaka kwenda Ujerumani), kisha Kiingereza cha mtihani wa IELTS, na Kiarabu Jumamosi asubuhi. Karibuni tumeanza mazungumzo na shule moja ya Uingereza ipokee vijana wetu kwa kozi ya kiangazi. Wakatuma fomu. Kipengele kimoja kinasema tuoneshe sera yetu ya kuwalinda wanafunzi wasivutwe kwenye itikadi kali na ugaidi. Wanataka jina la mtumishi anayehusika, uthibitisho kwamba walimu wamepata mafunzo, namna tunavyodhibiti intaneti ya shule, na tunavyowachuja wageni wanaokuja kuzungumza na wanafunzi.

Nisiwafiche, naona ni karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Mwanafunzi wangu anaingia saa kumi na moja na nusu katoka kazini, anahangaika na vitenzi, saa moja na nusu anakimbilia daladala. Baada ya miezi mitatu simuoni tena. Mimi nitaona nini ambacho mama yake na wenzake wa kazini hawajakiona?

Shule ya lugha ndiyo mahali pa mwisho pa kumtambua mtu wa namna hiyo. Anayebisha anieleze.

#2 Mtoto wa Geti Kali

Andika sera, ibandike karibu na choo, rudi kwenye der, die, das. Hakuna gaidi atakayevumilia sarufi ya Kijerumani mpaka B1.

#3 Msomi Njaa

#2 umenichekesha, lakini #1 napinga. Kesi maarufu kabisa ya mwanafunzi wa shule ya lugha mnaijua, mmesahau tu kwamba alikuwa mwanafunzi wa lugha.

Yule Mnigeria Umar Farouk Abdulmutallab, aliyejaribu kulipua ndege ya Amsterdam kwenda Detroit mwaka 2010 akiwa na baruti kwenye nguo ya ndani. Aliingia Yemen kama mwanafunzi wa Kiarabu, kwenye chuo cha lugha pale Sana'a. Viza yake ilikuwa ya masomo. Akahudhuria kidogo, akaaga, akatokomea kwa watu wa Al-Qaida. Maskini mmoja kapotezwa na wenye fedha.

#4 Mzee wa Baraza

Msomi, kesi ni ya kweli ila umeichanganya. Ilikuwa siku ya Krismasi 2009. Na umaskini unautoa wapi? Baba yake alikuwa mwenyekiti wa benki kubwa Nigeria. Kijana alishamaliza uhandisi University College London mwaka 2008. Na Sana'a hakufika mara moja, alishasoma Kiarabu hapo 2004 hadi 2005, akarudi Agosti 2009.

Tena aliyepiga kelele ni baba mwenyewe. Novemba 2009 alikwenda ubalozi wa Marekani Abuja kusema kwamba mwanawe amepotea na anamhofia. Maneno yakaandikwa, kijana akapanda ndege mwezi uliofuata.

#5 KahawaChungu

Mzee shikamoo. Sasa hapo si umeniunga mkono? Baba kajua, ubalozi umejua, na bado. Mwalimu wa Kiarabu pale Sana'a alitakiwa afanye nini zaidi?

#6 Mzee wa Baraza

Marahaba. Ile shule ilimwombea viza, halafu mwanafunzi akaacha kuonekana. Mimi ningeuliza hapo tu: mtu uliyemdhamini aingie nchini haonekani darasani, unamwambia nani na lini? Hilo halihitaji ujue kilichomo moyoni mwake. Yemen wenyewe baada ya tukio lile wakaacha kutoa viza uwanja wa ndege, Januari 2010.

#7 Binti Leicester

Habari zenu. Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima wageni huku Uingereza, nina miaka mingi kwenye kazi hii, kwa hiyo niseme kidogo kuhusu hiyo fomu.

Msingi wake ni sheria ya 2015 ya kupambana na ugaidi, kifungu cha 26. Inazitaka taasisi zilizotajwa humo zizingatie ipasavyo haja ya kuzuia watu wasivutwe kwenye ugaidi. Mpango mzima unaitwa Prevent, ulianza kabla ya sheria hiyo. Mwongozo mpya umeanza kutumika tarehe 31 Desemba 2023.

Lakini kaka KahawaChungu, sheria haizigusi shule zote binafsi za lugha moja kwa moja. Inazigusa zaidi zile zenye fedha za serikali au zilizosajiliwa kama shule au vyuo. Zilizobaki zinakutana nayo kupitia mlango wa ukaguzi: anayetaka kudhamini viza za wanafunzi lazima akaguliwe, na anayetaka ithibati ya British Council lazima aoneshe kwamba anawalinda wanafunzi wake, hasa walio chini ya miaka 18. Shule yenu rafiki imejaza fomu kama hiyo kwa mtu mwingine, nanyi mnajaza ya kwao.

Kinachofanyika darasani ni hiki. Mwalimu akiona jambo halimkai sawa, hampigii polisi. Anamwambia mtumishi mmoja aliyeteuliwa kwa ulinzi wa wanafunzi. Yule anauliza, anaandika, anaamua kama ni jambo la kuzungumza tu na mwanafunzi au la kupeleka mbele. Likipelekwa, polisi wanalichuja, na likibaki na uzito linafika kwenye jopo linaloitwa Channel, linaloongozwa na halmashauri. Hapo mtu anapewa msaada akikubali mwenyewe: mlezi, ushauri, pengine daktari wa akili, pengine nyumba.

Mengi ninayoyapeleka mimi hayahusu ugaidi hata kidogo. Kuna mwanafunzi alianza kukaa nyuma peke yake, hasalimii, anasinzia, ndevu kaziachia, simu haiweki chini. Mwenzangu akaingiwa na wasiwasi. Tulipomuuliza, kumbe anapakia vifurushi ghala moja usiku kucha na mwenye nyumba kamwekea watu wanne chumba kimoja. Tukamtafutia pa kulala. Ndevu ziko pale pale.

#8 Ami wa Darajani

Assalaam alaykum. Bint Leicester ahsante, hapo kwenye nyumba ndipo penyewe.

Mimi nimesoma Kiarabu Misri ujanani. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki akishuka Cairo hajui kitu. Kiarabu alichokwenda nacho ni cha kitabuni, dereva wa teksi anamsemesha lahaja ya mtaani, anabaki kutoa macho. Wengi wanakaa Hay Sabi' na Hay Ashir kule Madinat Nasr, chumba watu watano, sita, Mkomoro, Mganda, mtu wa Tanga. Fedha za nyumbani zinachelewa. Baridi ya Januari wewe una kikoi. Anatokea kaka mmoja mpole. Anajua foleni ya kugonga muhuri wa ukaazi, anajua wapi mtungi wa gesi ni rahisi, anakukopesha kodi ya mwezi wa mwanzo wala hakudai. Ijumaa anakwita darsa kwake, kuna kuku na wali. Utakataa vipi?

Tisa katika kumi wa kaka hao ni watu wema, Mungu awalipe, mimi nimelelewa nao. Lakini yule wa kumi akiwa na lake, ameshakuwa baba na mama yako kabla hujafika somo la pili. Shule inakuja kuandika jina lako kwenye daftari wakati wewe una mwenyewe tayari.

Kwa hivyo swali la KahawaChungu mimi nalijibu hivi: nani anampokea mwanafunzi wako uwanja wa ndege kule Uingereza? Na wiki ya kwanza analala kwa nani?

#9 Mtoto wa Geti Kali

Ami hiyo kuku na wali ingeniondoa na mimi, tena bila itikadi yoyote.

#10 Kijana wa Kisauni

Nimesoma mpaka hapa nacheka tu. Mwazungumza habari za upweke na kuku, hakuna aliyetaja serikali.

Mimi ni wa Mombasa. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, na viatu vyao. Vijana wengi walikamatwa kwa mkupuo, waliokuwemo kwa mambo yao na waliokwenda kuswali tu. Kabla ya hapo Sheikh Aboud Rogo kapigwa risasi Agosti 2012 mbele ya familia yake, na baada ya hapo mhubiri mwenzake, Makaburi, naye akauawa Aprili 2014. Huyakubali maneno yao, sawa, mimi pia siyakubali. Lakini kijana aliyekuwa hajaamua, siku ile aliamua.

UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti 2023, wamewahoji vijana wa Kenya waliojiunga na makundi ya itikadi kali, 71% wakasema kilichowasukuma mwisho ni kitendo cha serikali, ndugu kuuawa au rafiki kukamatwa. Sasa mwalimu aambiwe awaripoti wanafunzi kwa serikali hiyo hiyo?

#11 Msomi Njaa

Kisauni, leo zamu yangu kusahihisha. Ripoti iliyohoji Kenya ni ya 2017, pamoja na Somalia, Nigeria, Sudan, Kameruni na Niger. Hiyo 71% ndiyo ya huko. Ya 2023 Kenya haimo. Na ya 2023 inasema robo ya waliojiunga kwa hiari walitaja kazi kuwa sababu ya kwanza, dini ikawa 17% tu.

Kwa hiyo narudi pale pale mliponipiga: fedha. Si lazima uwe maskini wa kutupwa. Kijana kamaliza diploma, kakaa nyumbani, mtu anamwambia kuna kazi Somalia, mshahara wa mwezi haujawahi kuonekana ukoo mzima. Kwale hadithi hiyo wanaijua.

#12 Mzee wa Baraza

Hizo asilimia zenu zinanipa shida. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148 wakafa, alikuwa na shahada ya sheria ya Nairobi. Baba yake chifu huko Mandera, tena alisharipoti kwamba mwanawe haonekani. Njaa iko wapi? Polisi walimvunjia mlango lini? Na aliyeongoza shambulio la hoteli ya DusitD2 Nairobi, Januari 2019, baba yake mwanajeshi wa Kenya.

Kuna mafundisho. Mnayakwepa kwa sababu ni mazito kuyataja. Mtu anakaa na kijana miezi, anamtia kasumba, anamwambia wewe ni bora kuliko baba yako anayelipwa na makafiri. Hiyo kazi na hiyo njaa ni visingizio vya baadaye anapohojiwa na wazungu.

#13 Ami wa Darajani

Mzee wangu, kwenye mafundisho nakubali nusu. Ripoti hiyo hiyo ya 2017 ina jambo jingine ambalo watu hawalitaji: 57% ya waliojiunga walikiri kwamba maandiko yenyewe hawayaelewi sawasawa au hawayasomi kabisa. Na aliyepata miaka sita au zaidi ya masomo ya dini alikuwa na uwezekano mdogo wa kujiunga. Mtu aliyesoma nahau na sarufi ya Kiarabu kwa shehe wake tangu chuoni ni vigumu kumdanganya kwa aya iliyokatwa katikati. Anayetafsiriwa kila kitu na rafiki ndiye anayebebwa.

Basi darasa la Kiarabu la Jumamosi la KahawaChungu mimi nalihesabu ni kinga, mradi mwalimu awe mwalimu kweli.

#14 Kijana wa Kisauni

Ami hapo umesema. Ila Mzee, "visingizio anapohojiwa na wazungu" hukunitendea haki. Mimi nina binamu yangu alichukuliwa, hajarudi mpaka leo, na hakuna mzungu aliyemhoji mama yake. Tusemeane kwa adabu.

#15 Mzee wa Baraza

Pole kwa binamu yako, mwanangu. Hoja yangu kuhusu mafundisho naishikilia.

#16 Tausi wa Vuga

Jamani mnaongelea vijana wetu kwenda nje. Sisi Unguja tuna shule za Kiswahili kwa wageni, na nao ni wanafunzi wa lugha. Mimi nimefundisha Wazungu, Wakorea, Wamarekani weusi, watu wa kila aina.

Alikuja kijana mmoja wa Ulaya, mpole, anajifunza haraka kuliko wote. Wiki ya pili akaniuliza wapi atapata msikiti wenye "watu wa kweli", maana aliouona hapa, kasema, wamechanganya dini na ngoma. Kesho yake akawa hakai tena na wasichana wa darasa lake, wakifanya mazoezi ya mazungumzo yeye anageuza kiti ukutani. Mwenye nyumba aliyempangisha akasema usiku kucha anasikiliza mahubiri kwenye simu.

Tulifanya nini? Hatukuita polisi. Mkuu wetu alimpeleka kwa shehe mmoja mtu mzima, msomi, anayezungumza Kiingereza, wakanywa kahawa barazani wiki nzima. Kijana alitaka majibu makali, akapewa majibu marefu. Mwisho akachoka au akaelewa, sijui, alimaliza kozi akaenda zake. Sasa niambieni tulimlinda au tulimhamishia mtu mwingine?

Nakumbuka habari ya yule Mmarekani John Walker Lindh. Alikwenda Yemen 1998 kusoma Kiarabu, ana miaka 17, akaikataa shule ya kwanza kwa sababu wanafunzi wenzake hawakuwa na dini ya kutosha machoni pake. Mwishoni mwa 2001 akakamatwa Afghanistan upande wa Taliban. Anayeikimbia shule ya lugha ndiye wa kumuuliza.

#17 Ruvuma Ng'ambo

Salaam kutoka Mtwara. Huku hatuna fomu za mkaguzi, tuna mto tu katikati.

Mocímboa da Praia, ng'ambo ya Msumbiji, walipovamiwa Oktoba 2017 tulidhani ni ugomvi wao. Oktoba 2020 wakavuka wakafika Kitaya, upande wetu, nyumba zikachomwa. Wapo miongoni mwao wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe, na wapo vijana waliotoka huku. Namna walivyoondoka ndiyo ya kuiangalia: mmoja kaambiwa kuna nafasi ya kusoma, nauli imelipwa, aje na cheti chake tu. Mwingine kapewa mtaji wa biashara ya samaki, deni likamfunga.

Nafasi ya masomo ndiyo chambo. Kijana akisema "nimepata kozi" nyumba nzima inapiga vigelegele, hakuna anayeuliza kozi hiyo anailipa nani. Angesema "nimepata bunduki" mngemzuia mlangoni.

#18 Mama Nuru

Habari zenu wanangu. Binti yangu anasoma Kijerumani jioni, anataka kwenda kusomea unesi huko. Mmenitia hofu sasa. Nitazame nini? Asikae na simu? Nimnyang'anye?

#19 Binti Leicester

Shikamoo mama. Usimnyang'anye, ataficha nyingine. Fuata alichosema Ruvuma #17: nani analipa. Mkataba uko kwa jina la hospitali gani, umesainiwa na nani, pasipoti ataishika nani akifika, na akigombana na wakala atalala wapi. Akiwa na majibu, mwache asome. Akianza kukasirika ukimuuliza mambo hayo manne, kaa naye chini.

#20 Mtoto wa Geti Kali

Mama Nuru mwambie pia asiende Alabuga. Warusi walikuwa wanatafuta mabinti wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22 wakafanye kazi Tatarstan, kumbe kiwanda cha droni za vita. Mtihani wenyewe ulikuwa mchezo wa kompyuta na maneno mia ya Kirusi. Maneno mia! KahawaChungu fungua darasa la Kirusi, utapata wateja kwa wiki moja.

#21 Msomi Njaa

Unacheka lakini si nje ya mada. Wanasajiliwa vitani kwa kozi na tiketi. Kwa nini wa Somalia aitwe ametiwa kasumba na wa Urusi aitwe katapeliwa?

#22 Mzee wa Baraza

Kwa sababu wa Urusi hakuapa kwamba atamuua jirani yake. Usitupoteze njia.

#23 Kijana wa Kisauni

Turudi Uingereza. Binti Leicester, umetueleza upande mzuri tu. Huko si ndiko mtoto wa miaka kumi wa Kiislamu aliandika insha kwamba anaishi "nyumba ya kigaidi", akiwa na maana ya nyumba zilizojengwa safu, maneno mawili ya Kiingereza yanafanana (terraced na terrorist), polisi wakaja nyumbani kesho yake? Wanafunzi wa lugha wanakosea tahajia kila siku ya Mungu! Na mtoto wa miaka minne Luton aliyechora baba yake akikata tango, akasema "cucumber", walimu wakasikia "cooker bomb", yaani bomu?

#24 Binti Leicester

Ya Luton ni kweli, iliandikwa sana 2016. Wale walezi walifikiria kumpeleka kwenye mpango, mama yake akasimulia alivyohojiwa. Ya "nyumba ya kigaidi" ilikuwa Lancashire, Desemba 2015. Polisi na halmashauri walikana kwamba kosa la tahajia ndilo lililowaleta, wakasema hawakuishughulikia kama kesi ya ugaidi. Familia ilisema vingine.

Hata hivyo hoja yako ina uzito kwangu. Chama kikubwa cha walimu, NUT, kilipiga kura 2016 kuupinga mpango huu. Darasani kwangu kuna mada ninazoziona watu wanameza mate. Nikisema tujadili vita fulani kwa mazoezi ya kuzungumza, wanaangaliana, kisha mtu anasema "mwalimu, tuzungumze chakula". Hapo nakuwa nimepoteza nilichotakiwa kukilinda, maana mtu asiyesema darasani atasema kwingine.

#25 Mzee wa Baraza

Na pale walipopatia? Bomu la treni kituo cha Parsons Green, London, 15 Septemba 2017. Kijana wa Kiiraki, mwomba hifadhi, mwanafunzi wa chuo huko Surrey. Walimu walimwona, wakampeleka, akawa ndani ya hiyo Channel yenyewe. Chuo kikampa zawadi ya mwanafunzi bora, vocha ya pauni 20, naye akaitumia kununua kemikali ya bomu. Likawaka ndani ya treni. Kwa bahati halikulipuka lote.

#26 KahawaChungu

Mzee umenimaliza. Walimu wamefanya kila kitu kilichoandikwa kwenye fomu yangu, na bado. Nilisema ni karatasi.

#27 Binti Leicester

Ni karatasi ikiishia kwenye kabati. Kwenye kesi hiyo walimu hawakukosea, kilichofuata baada yao ndicho kililegea. Halafu mmesahau upande wa pili. Mwaka ulioishia Machi 2021, walioelekezwa Prevent kwa ajili ya ubaguzi wa mrengo mkali wa kulia walikuwa 25%, wa itikadi kali za Kiislamu 22%, ndiyo mara ya kwanza kupitwa. Nusu nzima ilikuwa mchanganyiko usioeleweka. Na mwaka ulioishia Machi 2024, katika watu zaidi ya 6,900, asilimia 40 walikuwa watoto wa miaka 11 hadi 15.

Yule aliyewaua watoto watatu Southport, Julai 2024, alikuwa ameelekezwa mara tatu kati ya 2019 na 2021, kila mara faili likafungwa kwa sababu hakuwa na itikadi inayoeleweka. Kisha uongo ukasambaa mtandaoni kwamba ni mgeni aliyekuja kwa mashua, ilhali amezaliwa Cardiff. Wiki ile wahuni walizunguka miji wakitafuta wageni wa kuwapiga. Mimi nilikuwa na wanafunzi wenye hijabu wanaogopa kupanda basi. Tulibadilisha saa za darasa waondoke kungali mwanga, tukawapangia watembee wawili wawili mpaka kituoni. Kaka, vijana wako wa kiangazi ni weusi na baadhi Waislamu. Sera yako iseme na hilo: yakitokea ya namna ile, nani anawapigia simu?

#28 KahawaChungu

Hilo sikuliwaza kabisa. Nilikuwa naandika kana kwamba wao ndio hatari.

Haya, rasimu yangu mpaka sasa: (a) Jina la mtu mmoja wa kuambiwa, nimemweka mwalimu wa Kiingereza, dada mmoja ambaye wanafunzi wote wanamwendea hata kwa mambo ya ndoa. (b) Asiyeonekana madarasa matatu mfululizo anapigiwa simu, kisha ndugu aliyeandikwa kwenye fomu. (c) Kundi la WhatsApp la darasa, walimu tu ndio wanaongeza watu. (d) Kila anayesafiri, tunajua anapokelewa na nani na analala wapi. (e) Wageni wa kuzungumza wanaombwa mada mapema. Kuhusu polisi bado sijaandika neno.

#29 Kijana wa Kisauni

Usiandike. Hilo la (b) ni zuri. Ila (c) ni bure, wanafunzi wana kundi lao jingine ambalo mwalimu hayumo. Kila darasa duniani linalo.

#30 Mtoto wa Geti Kali

Nathibitisha #29. Letu linaitwa "Bila Mwalimu".

#31 Mzee wa Baraza

Lazima uandike polisi. Siku mwanafunzi anakwambia waziwazi kwamba kesho anavuka mpaka, utamwita dada wa mambo ya ndoa?

#32 Tausi wa Vuga

Nami naona iwepo, lakini iwe kwa hatari ya wazi tu, na uamuzi usiwe wa mwalimu mmoja aliyeghafilika. Kenya kaunti za Kwale, Lamu na Mombasa zilitengeneza mipango yao tangu 2017, wakawakalisha maimamu, akina mama, walimu na serikali meza moja. Kisauni atatuambia kama ilifika mtaani.

#33 Kijana wa Kisauni

Mikutano ilifika. Soda zilifika. Siku moja moja akina mama walisikilizwa kweli, hilo sikatai.

#34 Ami wa Darajani

KahawaChungu, umesahau jambo moja. Shule za lugha mchana na Jumapili huwa tupu. Ukumbi wako unaukodisha?

#35 KahawaChungu

Ndiyo Ami. Jumapili kwaya, Jumatano mchana kikundi cha watu wa mafuta ya mitishamba. Na kuna wengine wa "semina za vijana", wanalipa taslimu, hawasumbui, wanaondoka wamefagia.

#36 Ami wa Darajani

Semina za nini?

#37 Mtoto wa Geti Kali

Hapo sasa. Wanaofagia ndio wa kuogopa, wapangaji wa kawaida hawafagii.

#38 KahawaChungu

Kwa kweli mimi nilijua ni ujasiriamali. Risiti imeandikwa "semina" tu. Nitawauliza Alhamisi wakija kulipa.

#39 Binti Leicester

Usingoje Alhamisi, wapigie leo, tena kwa upole. Omba jina la mwenye kikundi, mada, na nani anazungumza, kisha uwaambie utakuwa unapita kusikiliza dakika chache. Inawezekana kabisa wanauza virutubisho. Uliza tu.

#40 Mama Nuru

Wanangu, nimemuuliza binti yangu yale maswali manne. Matatu kajibu. La pasipoti kasema wakala alimwambia ataitunza yeye "kwa usalama". Hiyo ni kawaida?

#41 Binti Leicester

Hapana mama. Pasipoti ni yake, aishike mwenyewe. Nitumie jina la huyo wakala kwa ujumbe wa faragha, usiliweke hapa.